Mizabibu ya Baba Wasike

Mume wangu Nyongesa, Baba Wasike, hakuonja pombe maishani mwake. Alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki, na kwao hata busaa ni dhambi. Lakini ule mvinyo mweupe wa shamba letu la Subukia, ambao wazungu walikuwa wakiufuata kutoka Nakuru, ulikuwa kazi ya mikono yake. Mkatae mkitaka.

Mizabibu yenyewe ilikuwa mikongwe, mashina manene kama paja, imezama kwenye udongo wa majivu ya volkano. Mzungu wetu, mwenye shamba, aliagiza ikatwe matawi kila Februari, eti ndivyo kwao. Ikichanua, mvua ya Aprili inayapiga maua, yanaoza. Miaka mitatu tukavuna majani. Mwaka wa hamsini na saba akasema, "Nyongesa, ng'oa yote. Nitapanda pareto."

Na kibarua kikiisha, nyumba nayo imekwisha. Tungeenda wapi na watoto wanne?

Baba Wasike akamwomba msimu mmoja, akate atakavyo yeye. "Sawa," akajibu mzungu. "Lakini mvinyo ukiwa mbaya, funga mizigo."

Februari ikapita, hakukata. Septemba, mvua ilipopungua, akaanza kunyonyoa majani mabichi, jani baada ya jani. Nilipandwa na hasira, wacha tu!

"Baba Wasike, umerogwa? Unaua miti ya watu ili tulale nje?"

"Mama Wasike, kwao Ulaya baridi huipukutisha majani, ikalala; huku hakuna baridi ya kuilaza. Lazima mtu ailaze, ili iamke na kuchanua mvua imepita."

Ndipo akakata. Wiki tatu sikumsemesha. Ugali nilimwekea mezani nikaenda zangu. Na mizigo nikaifunga kweli, sufuria na blanketi, nikaificha chini ya kitanda.

Jamani, Januari! Jua kali, na vishada vimejaa hadi nikaona haya kupita pale. Zabibu zikavunwa, zikakamuliwa, tukangoja. Miezi sita nilikuwa sipati usingizi.

Julai mzungu akaja mlangoni kwetu kwa miguu, glasi mkononi.

"Onja, Nyongesa. Ni kazi yako."

"Asante, bwana. Mimi sinywi."

"Sasa utajuaje kama ni mzuri?"

Baba Wasike akaitazama ile glasi. "Ungekuwa mbaya, bwana, ungekuja na lori."

Mzungu akacheka, akanywa yote yeye mwenyewe. Jinsi nilivyompenda mume wangu siku ile! Nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikaanza kufungua mizigo.