Sabufa za Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa muziki wa magari mjini Shinyanga, na nina hasira za karibu. Mteja akiniambia sabufa yake ina wati elfu tano kwa sababu boksi limeandikwa hivyo, namuuliza kama amenunua sabufa au amenunua boksi. Wengine hununa wakaondoka. Sijawahi kumfungia mtu kitu nilichojua kitaungua, isipokuwa mara moja, na mara hiyo gari lilikuwa la mama mkwe wangu.

Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawazoeani. Miaka tisa tangu nioe sikuwahi kula naye, wala kukaa naye chumba kimoja, wala kumtazama usoni. Tukikutana njiani, mmoja anapisha. Likiwepo la kusema, anatumwa mtu wa katikati. Nimelelewa hivyo na sikuona shida yoyote, mpaka Jumatano ile alipofika kwenye karakana yangu na Noah yake.

Alikuwa mjane aliyeishi Maganzo, na Noah ile ndiyo iliyomlisha. Ilikodiwa kubeba maharusi na kuwapigia muziki njiani. Lakini maharusi wa siku hizi wanataka besi ya kutikisa vioo, na kazi zilikuwa zimeanza kwenda kwa wengine. Akauza ng'ombe, akaenda Geita akanunua sabufa mbili na amplifaya, kisha akachukua kazi ya Jumamosi. Wenye harusi walimwambia wazi kwamba akiwafurahisha watampa na harusi nyingine tatu za ukoo wao. Asipowafurahisha, basi. Yote hayo nilielezwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye dereva wake. Mama mwenyewe alibaki kiti cha mbele, khanga kichwani, anatazama barabara.

Nilifungua maboksi nikakunja uso. Kila sabufa ilikuwa na koili mbili za omu nne, na ubavuni mwa amplifaya paliandikwa isishushwe chini ya omu mbili. Omu ni ukinzani wa umeme, na kadiri zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyobeba mzigo mzito. Sabufa mbili za namna hiyo zina njia mbili tu za maana. Ukiunga koili za kila moja kwa mfululizo, halafu sabufa zenyewe sambamba, amplifaya inaona omu nne. Inapumua, ila mlio ni wa wastani. Ukiunga kila kitu sambamba, inaona omu moja. Hapo italia kwelikweli, kama ng'ombe mmoja aliyefungwa plau ya ng'ombe wawili: ataivuta, halafu ataanguka. Aliyemuuzia vitu vile alikuwa hajali au hajui, na sijui lipi ni baya zaidi.

Niliunga za omu nne. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikakwangua rangi ya bodi ili waya wa hasi ushike vizuri, nikawasha. Mlio ulikuwa safi. Shemeji akaenda dirishani, akarudi.

"Mama anasema haina kishindo. Anasema ya mwenzake akiwasha, mabati yanalia."

"Mwambie amplifaya hii imefika mwisho wake," nikamjibu kwa sauti ya chini. "Nikiilazimisha itaungua Jumamosi hiyohiyo. Airudishe Geita kesho wambadilishie inayobeba omu moja. Muda upo."

Kutoka kwenye buti nilipochuchumaa mpaka kiti cha mbele hazifiki hatua nne. Shemeji akazitembea taratibu, akainama dirishani, na nikamsikia kila neno.

"Mayu, fundi anasema inawezekana. Ila tusiifungulie sana."

Nilimwita kwa kidole. Nikamuuliza kwa kunong'ona, meno yamebana, kama hicho ndicho nilichomtuma.

"Shemeji, mimi nitamwambiaje mama kwamba ng'ombe wake ameenda bure?" akasema. "Mwambie wewe basi."

Alijua siwezi. Ningeweza kupaza sauti kidogo tu, hata bila kumtazama, na asingekosa kunisikia. Nilimchukia shemeji, nikamchukia muuza duka wa Geita, nikajichukia na mimi mwenyewe nikiwa nimeshika bisibisi kama mtu aliyesahau kazi yake. Nikafungua nyaya nilizokwisha kuunga, nikaziunga upya zote sambamba.

Besi ilipopiga, kopo la skrubu lilidondoka mezani. Na mama mkwe akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. "Wabeja," alisema, akielekeza shukrani kwenye kioo cha mbele.

Jumamosi saa nane mchana shemeji alipiga simu. Amplifaya ilikuwa imetoa moshi mbele ya kanisa, maharusi wakiwa bado kwenye ngazi. Watu waliipigapiga kwa vitenge wakidhani gari linaungua. Bibi harusi alihamishiwa gari la mtu mwingine, na zile harusi tatu zikamfuata hukohuko. Wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha. Mimi niliikimbia lawama, fedheha ikaenda kumpata mtu asiyehusika.

Jumatatu mama mkwe alikuja. Hakumtuma shemeji. Alishuka, akaja akasimama mbele ya meza yangu, khanga ikiwa mabegani. Niliinama, nikamwamkia nikitazama viatu vyake. Hakuitikia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu siku ile?"

"Tangu nilipofungua boksi."

Nilitamani anitukane, kwa sababu matusi nayajua.

"Mimi nilileta gari kwa fundi," alisema. "Mkwe ningemtaka, ningekuja nyumbani kwake."

Akarudi kwenye Noah, shemeji akiwa kwenye usukani, wakaondoka. Muda si mrefu nikasikia ameiuza, na sasa anauza mchele pale stendi ya Maganzo, juani.

Bado tunakutana kwenye misiba na mahari za ukoo. Akitokea upande huu, mimi napita upande ule. Nikikaa mahali, yeye hakai. Wazee wakituona hutikisa vichwa kwa kuridhika, na huwaambia vijana wao watutazame sisi wawili wajifunze heshima.