Udongo wa mbele ya ofisi umepimwa

Leo karatasi ya udongo imenipa haki, ndugu zangu.

Mukubwa wetu hapa Kasuku alitaka kunifukuza kazi, sababu majani ya mbele ya ofisi iko na upara. Mimi, mulimaji hodari kupita wote wa mutaa wa Mikelenge.

Udongo ukaenda kupimwa. Jibu: umekanyagwa sana, mutie mavi ya mbuzi, halafu mupumzishe majani.

"Nani anakanyaga?" mukubwa akauliza.

"Citoyen, njo sisi wote. Tunachezea Parti pale kila asubui," nikamujibu.



Ngoma ya Parti, chama cha serikali, nani atasimamisha? Akaamuru mavi tu.

Nimemwaga mingi, na mvua inanyesha.

Kesho tunacheza. Yeye njo wa mbele.

Nani anakuja kuangalia?