Gunia la Nguo Lililoenda Busia

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba chumvi kutoka Mombasa hadi Kigali, safari ya wiki mbili ikiwa barabara ina huruma. Mwaka wa El Nino haikuwa nayo. Nilibaki Kapsoit kwa chumba cha kupanga, mimi na mtoto wa miezi saba, na mvua.

Simu hatukuwa nayo. Habari nilipata kwa madereva wenzake waliosimama kunywa chai kwa hoteli ya kando ya lami. Waliotoka Busia walisema malori yamepanga foleni, daraja limebebwa na maji huko ndani Uganda. Mwezi wa pili ukaanza, nao wakawa wanajibu wakiangalia vikombe. Jirani yangu akacheka, akasema daraja la kuchelewesha mwanaume hivyo lazima limesukwa nywele.

Mimi nina hasira, sifichi. Nilitoa nguo zake zote, suruali, shati la kanisa, hadi soksi zenye matundu, nikazisukuma ndani ya gunia la mbolea na kulishona mdomo. Mwanaume akiletewa nguo zake zote na mkewe, hahitaji barua. Nikampa dereva aliyekuwa akipeleka saruji Busia mjini.

"Mwambie hana nyumba hapa."

"Shemeji, niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Siku hiyo nilijiona mkubwa. Kesho yake misumari ya kutundika nguo zake ilikuwa mitupu ukutani, mtoto analia, na hakuna hata mtu wa kugombana naye. Nilikuwa nikiongea na sufuria.

Baada ya siku kumi yule dereva akarudi. Alinikalisha chini pale hotelini kabla ya kuongea. Alimkuta mume wangu kwenye foleni, pale pale alipokuwa wiki nyingi, hathubutu kuacha mzigo. Turubai lilipasuka, chumvi ikaanza kulowa, akaziba tundu kwa blanketi lake, kisha kwa nguo zake. Alibaki na kaptura na fulana moja.

"Alifungua gunia, akalia, shemeji. Aliuliza ulijuaje hana nguo."

"Na ujumbe wangu?"

"Nilisema umemsalimia."

Nikamuuliza mbona wenzake walikuwa wananificha macho. Akasema walichoka kunipa jibu lile lile.

Nilipaswa kufurahi, nadhani. Nilizidi kukasirika, na daraja halina uso wa kupiga kofi. Mombasa chumvi imejaa, Kigali watu wanaingoja, na katikati ni mume wangu amelala bila blanketi, akimshukuru mwanamke aliyemfukuza.

Nilienda nyumbani nikalitoa blanketi letu kitandani, lilikuwa moja tu. Jioni lori lingine la kwenda Busia likasimama. Nilimtupia dereva blanketi juu ya meza hadi chai yake ikamwagika. Akauliza aseme nini.

"Mpe tu," nikasema, nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso mbili, baridi isimpate.