Tulivyotembea Edinburgh Tukienda Tetu

Ni ukungu ulionirudisha utotoni, tena ukungu wa ugenini. Nilitoka kwenye kituo cha treni pale Edinburgh asubuhi, nimevaa koti la mtumba nililonunua sokoni Nyeri, na ukungu ule ukanigusa uso kama kitambaa kibichi. Unaijua baridi ya kwetu ya mwezi wa saba? Ile inayofanya ng'ombe watoe moshi puani, na mtu aote moto hata akiwa na sweta mbili? Ilikuwa hiyo hiyo. Nilikuwa nimepanda ndege mbili kwenda kuona mji mkuu wa watu, mji wa mawe na ngome na wafalme, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilikuwa kwetu Tetu.

Aliyenialika namwita jirani tu, maana ndivyo alivyokuwa kabla hajawa muuguzi na kabla hajawa mke wa mtu. Boma lao na la cucu yangu, yaani nyanya aliyenilea, yalitenganishwa na ua wa miiba uliokuwa na tundu moja. Tundu hilo tulilipitia sisi, kuku, na habari zote za kijiji. Jirani alikwenda Ulaya akiwa msichana. Mamake alipofariki, makaratasi yake ya kuishi huko yalikuwa hayajakamilika, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Mazishi aliyatazama kwenye simu, amekaa ngazini hospitalini, bado amevaa sare ya kazi. Sasa makaratasi yalikuwa sawa, na Desemba angekuja nyumbani.

Jioni ile ya kwanza mumewe alitusongea ugali. Ni mtu wa magharibi mwa Kenya, lakini amekulia kambi ya polisi mjini Nyeri, kwa kuwa babake alikuwa askari pale. "Nyinyi watu wa Nyeri mlinilisha githeri mpaka nikasahau samaki," akaniambia, nasi tukacheka. Kisha jirani akaingia chumbani na kurudi na kitambaa kizito cha rangi ya kijani, akakikunjua juu ya magoti yangu.

"Hizi ni pazia za kwa mami," akasema. "Za ile dirisha ya mbele. Si unakumbuka vile upepo ilikuwa inaingia? Nikifika nazitundika, halafu nalala kwa kitanda yake."

Nilikishika kitambaa kile nikakisifu. Nifanye nini? Nyumba ya mamake haikuwepo tena. Kaka yake alikuwa ameibomoa baada ya Pasaka akajenga ya mawe mahali pale pale. Kabla sijasafiri alikuja kwangu Skuta, pale mjini Nyeri, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeomba kazi. "Wewe ndio utamwambia," alisema. "Mimi nikipiga simu atasikia tu kubomoa, hatasikia kujenga."

Kesho yake tukatoka kutembea. Mji ule ni wa miguu. Barabara kuu ya zamani inateremka kutoka ngomeni, na kila baada ya hatua chache kuna kichochoro cha ngazi kinachopita kati ya majumba marefu, mawe yake yamesawijika kwa moshi wa miaka. Jirani alitembea mbele yangu kwa mwendo ule ule wa wachuma chai wanaowahi kupimiwa. Kila mlango ulikuwa na kibao: hapa alizaliwa fulani, hapa alikunywa fulani, hapa palikuwa na kisima. Nilishangaa jinsi wenzetu wanavyotunza. Hata kisima kilichokauka kimeandikwa jina.

Karibu na kanisa moja upepo ukageuka na kuleta harufu ya nafaka inayochachuliwa, kutoka kiwanda fulani cha pombe. Jirani akasimama katikati ya watu.

"Unaskia hiyo?" akasema. "Ati ni pombe. Hiyo ni uji ya mami."

Kweli ilikuwa uji wa mamake. Aliuchachua kwenye kibuyu kilichoning'inia karibu na meko, na wakati wa likizo tuliunywa kabla ya kwenda kuchuma majani. Tulitoka giza likianza kupauka, king'ora cha kiwanda cha chai kikilia ng'ambo ya bonde. Gambuti, yale mabuti ya mpira, zilitupwaya, na karatasi za nailoni tulizifunga kiunoni kwa kamba, maana umande wa michai ulikulowesha hadi mapajani. Vidole viliganda. Mamake jirani alichuma mistari miwili sisi tukihangaika na mmoja, na hakuacha kuzungumza. Mlima ukijitokeza, kilele cheupe juu ya ukungu, alinyamaza, akasimama na kikapu mgongoni, midomo ikicheza. Nilifikiri anahesabu kitu. Baadaye cucu aliniambia alikuwa anaomba, na mtu akiomba hamuulizi.

Jioni, majani yakishapimwa, tulirudi kwenye jiko lake la mbao. Moshi ulituchoma macho. Alituchomea viazi vitamu kwenye majivu, akavipangusa kwa upindo wa leso, na kila mmoja akapewa chake na kikombe cha chai ya maziwa. Cucu alipenda kusema kwamba asiyetembea hudhani mamake peke yake ndiye mpishi. Mimi nimetembea sasa. Nimekula kwenye hoteli za Nairobi, na huko Edinburgh nikanunuliwa samaki aliyekaangwa kwa unga. Bado nadhani cucu hakuwa amefikiria kiazi cha yule mama.

Nilikuwa naliwaza hilo tulipopanda kilima kilicho ukingoni mwa mji ule, chenye nguzo ndefu za mawe zisizobeba paa lolote. Tukakaa kwenye nyasi. Mji wote ulikuwa chini yetu. Ghafla mzinga ukalia ngomeni, nikaruka. Jirani akanicheka: hupigwa kila siku ila Jumapili, saa saba mchana, wenyeji hurekebisha saa zao.

"Desemba nitakaa hivi kwetu," akasema. "Pale kwa mlango ya jikoni. Siendi mahali."

Nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimemdanganya.

"Hiyo nyumba haiko," nikamwambia. "Kaka yako aliibomoa. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, zilianza kuegemea upande wa shamba. Amejenga ya mawe. Amekuwekea chumba chako."

Aling'oa nyasi moja, akaipasua katikati taratibu.

"Na jiko?"

"Na jiko."

"Sikumwomba chumba," akasema. Kisha akauliza, "Kwa nini hakuniambia yeye?"

"Aliogopa."

Hakulia. Aliinuka, akapangusa koti lake, akasema, "Nipeleke."

"Wapi?"

"Nyumbani. Tuanze pale senta ya kupimia majani. Wewe ndio ulikuwa huko juzi, wewe ongoza."

Basi tukateremka kilima, na nikaanza kumpeleka kwa maneno. Tumetoka senta, nikasema, tumepita duka la mama mwenye mafuta ya taa. Tumefika kwenye mfereji wa kutekea maji, uko kushoto.

"Kulia," akasema.

"Kushoto, wewe! Si ulianguka hapo na mtungi?"

"Haki nilianguka kulia. Niko na alama mpaka leo."

Tulibishana kwa sauti, Kiswahili na Kikuyu vikichanganyika, mpaka mzee mmoja mwenye mbwa akatupisha njia. Tukavuka kijito kwa gogo lenye utelezi. Tukapita shuleni, mahali mwalimu wetu wa kutoka pwani alipotusimamisha mstari mzima tuseme "lala" badala ya "rara". Tukapita chini ya mparachichi wa cucu, tukainama tukapenya ua. Mbwa akatunusa, akatujua. Tulikuwa tumerudi kwenye barabara ile ya mawe meusi, mbele ya duka la kuuza sweta, nikamwambia: sasa huu ndio mlango wa jikoni, umefungwa kwa waya, nafungua.

Akanishika mkono. "Usifungue. Wacha tukae hapa nje kidogo."

Hapo ndipo alipolia. Tulisimama ukutani mwa duka lile, watalii wakitupita, mpaka alipotosheka.

Desemba alikuja. Sikumsindikiza Tetu. Hayo yalikuwa yake na kaka yake, na nilisikia kwamba walikumbatiana langoni. Siku chache baadaye akaja kwangu Skuta. Nikabandika chai, nikamwachia nafasi aanze mwenyewe.

"Nimelala vizuri," akasema. "Hakuna upepo, hakuna moshi. Nimelala mpaka jua ikatoka. Na hiyo ndio kitu imeniuma."

Sina ugomvi na nyumba ya mawe. Kaka yake alifanya vizuri, na mtu hawezi kuomba mchwa warudi. Lakini nimewaza sana asubuhi zile. Baridi ilituamsha mapema, tukanung'unika, tukatoka kwenye blanketi tukitetemeka, na kila mara tulikuta mtu mzima ameamka kabla yetu. Sasa watu wazima ni sisi. Kule kwao na kwangu pia, moto hauwaki mpaka tuamke.