Nani Atawasindikiza Wageni wa Mama

Nyonga ya bandia ya kwanza mama aliwekewa tukiwa bado wakimbizi Tanzania, nayo ilishikizwa kwa saruji ya mifupa. Ilimbeba miaka mingi. Ilivuka naye mpaka wa nchi tuliporudi Burundi, ikazunguka naye kwenye michikichi hapa Gatete, ikasimama naye sokoni Rumonge akiuza mawese. Kisha ikaanza kulegea. Paja likauma, mguu ukawa mfupi, na mama, ambaye hajawahi kukiri maumivu hata siku moja, akasema kigoda chake ndicho kibovu.

Nilimpeleka Bujumbura kwa daktari wa mifupa. Akatutundikia picha kwenye mwanga, akaeleza kwamba chuma cha zamani lazima kitoke, na kingine kinaweza kushikizwa kwa njia mbili. Kwa saruji tena, mama angekanyaga kesho yake; lakini saruji ya kwanza ilikuwa imeuacha mfupa laini kwa ndani, na mpya isingeshika vizuri. Bila saruji, kingepigiliwa chuma kirefu chenye mikwaruzo, kifike chini kwenye mfupa uliobaki mzima, ili mfupa wenyewe ukue na kukikamata. Ila wiki nane mguu ule usibebe uzito. Akiukanyaga mapema, chuma kinaweza kuzama, na daktari hakuwa tayari kuahidi kwamba angeweza kumpasua mara nyingine akasimama tena.

Mama alikuwa na swali moja tu. "Na wageni watasindikizwa na nani?"

Daktari alidhani anatania. Mimi nilijua hatanii. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye, mnaongea njiani, na umbali unaokwenda naye ndiyo heshima yake. Mama huwafikisha watu wote kwenye kinu cha mawese, na wale tulioishi nao kambini huwafikisha hadi barabara kubwa. Sasa mtu akitoka hospitali, si ndiyo wanakuja wote! Nikamgombeza palepale, mbele ya daktari, kwa sauti ambayo mpaka leo naionea aibu. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akamgeukia daktari, akasema tuweke ya bila saruji, ni kama mpini wa jembe, unapigwa mpaka unakaza. Kukaa atakaa.

Mimi ni mwalimu Bugarama, nimezoea kuwalinda wanaotaka kutoroka. Baada ya upasuaji, likizo yote nikaimalizia kwenye kizingiti cha mama. Wageni walikuja na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, na ndizi na maombi marefu, na kila walipoinuka niliinuka kabla ya mama. Nilikwenda kwenye kinu na kurudi mara sita kwa siku. Wenyewe hawakuridhika. Walinitania kwamba natembea kama ninayewafukuza, na kusema kweli nilikuwa nawafukuza.

Wiki ya tano alikuja bibi mmoja aliyekuwa jirani yetu kambini. Niliwaacha wakiongea, nikaenda jikoni kukaanga ndagala. Niliporudi, mkeka ulikuwa mtupu na gongo moja kati ya mawili ya kutembelea limeegemezwa ukutani. Nikakimbia. Niliwakuta kwenye kinu, mama amesimama kwa miguu yote miwili, amemshika mwenzake mkono, wanacheka.

Nilifoka mbele ya watu. Nikamrudisha kwa baiskeli ya jirani huku nikimwambia kwamba ameuharibu mguu wake kwa ukaidi, na kwamba sasa atakaa mkekani mpaka kufa. Nilipokwisha kumlaza, alinigeukia.

"Yule alimzika mutoto wangu, mimi niko hoi kitandani," alisema. "Nimuache atoke peke yake?"

Nilijua nilikuwa na kaka aliyefia kambini. Nani alimchimbia kaburi, sikuwahi kuuliza. Nilirudi jikoni nikalia, na ndagala zikaungua.

Picha iliyofuata ilionyesha chuma kimeshuka kidogo. Daktari akapima, akasema tungoje picha nyingine. Siku zile za kungoja nilimpenda mama kwa hofu, nikimlisha kama mtoto naye akinifukuza. Picha ya pili ilipotoka, chuma kilikuwa palepale. Kimekaza, daktari alisema. Mama akaniangalia kana kwamba ni yeye aliyekipigilia.

Shule zilipofunguliwa nilifunga begi langu. Mama akachukua fimbo, akavaa kiatu chenye soli iliyoongezwa, akatoka nami. Nikamwambia mimi si mgeni, arudi ndani. Akasema niache ualimu wangu.

Tulipofika kwenye kinu nilisimama ili ageuke. Hakugeuka. Akapita, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili umeshika begi langu, akielekea barabara kubwa. Tulikwenda polepole hivi kwamba gari la Bujumbura, lile la kunishusha Bugarama, lilitupita tukiliona, na mimi, nisiye na subira hata chembe, sikulipungia mkono.