Maziwa ya Pakiti Hayatoi Siagi

Si kweli kwamba michezo ndiyo imemrudisha mgonjwa wetu nyuma. Nilitaka kumjibu nesi hivyo leo mchana, aliposema mbele ya wote, "Niliwaambia hapa ni wodi ya dharura, si uwanja. Mgonjwa wa akili apewe dawa, alale." Niliogopa. Maana angeuliza, kama si mchezo basi ni nini, na jibu nilikuwa nalo.

Mimi nilimaliza fomu foo, nikakaa nyumbani hadi nikachoka. Daktari wa wodi akanichukua nijitolee kwenye kona yake ya michezo kwa sababu najua Kisomali. Kuna mpira, shanga na rangi za kuchora. Anasema mtu akiletwa amevurugika, mikono yake ikipata kazi inayoijua, kichwa nacho kinatulia pole pole.

Huyu mama aliletwa na kaka zake kutoka upande wa Griftu, nyuma ya pikapu, amefungwa kamba. Ng'ombe wake walikufa wote na ukame. Tangu hapo hali, halali, anawaita kwa majina na kumpiga yeyote anayemshika. Shanga zangu alizimwaga chini. "Abaayo, mimi ni mtoto?" Yeye ananiita abaayo, dada. Mimi namwita eedo, shangazi.

Halafu nikamwona anatikisa chupa ya maji mapajani, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mama zetu wanavyotikisa maziwa ya mgando watoe siagi. Nikakimbia jikoni, nikaomba maziwa ya chai yaliyobaki, nikamimina kwenye mtungi wa lita tano. Wallahi, alitulia. Akaimba wimbo wa kutikisia. Akala. Akaulizia watoto wake. Daktari akasema akimaliza siku tatu bila sindano ya kumtuliza ataenda nyumbani kwao.

Leo ilikuwa siku ya tatu.

Saa sita nilitaka kufunga kona. Nje wenzangu walikuwa wameanza mpira na mimi nimekwama ndani kwa ajili yake.

"Eedo, lete mtungi."

"Bado kidogo. Inakaribia, naisikia."

"Hata jana ulisema hivyo."

"Unakimbilia wapi? Wewe ukiolewa, mume wako atakunywa chai ya rangi mpaka azeeke."

Wagonjwa wakacheka, hata askari wa mlangoni. Nikaona aibu, nikakasirika.

"Eedo, hii ni maziwa ya pakiti! Tikisa mpaka Idi, siagi haitoki."

Mikono ikasimama. Akafungua kifuniko, akanusa, akachungulia ndani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ulijua? Tangu siku ya kwanza?"

Nilijua. Nani kwetu hajui?

Mtungi ukagonga ukuta, maziwa yakamrukia nesi. Eedo akaanza kuwaita tena wale ng'ombe, mmoja mmoja, huku askari wawili wamemlaza chini na nesi anamdunga sindano. Halafu nesi akanigeukia. "Nini kimetokea?"

"Sijui. Ameanza tu mwenyewe."

Ndiyo hiyo iliandikwa kwenye faili, kwamba amechafuka bila sababu akiwa kwenye mchezo. Kona imefungwa. Eedo amefungwa mikono kitandani, na watoto wake waliambiwa anakuja.

Jioni, hapa kwetu Galbet, nikamwomba mama yangu kibuyu chake kidogo cha kutikisia.

"Wewe?" akacheka. "Wewe ambaye hata chai ikichelewa kuchemka unazima jiko?"

Nikamweleza yote. Aliacha kucheka. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alikifukiza kibuyu moshi wa kukisafisha, akanikabidhi, akasema, "Usichukue maziwa ya ngamia, haitoi kitu. Chukua ya ng'ombe, iliyoganda."

Kesho nikishaswali alfajiri nitapitia kwa wale wamama wauza maziwa. Lakini sitaanza na kitanda cha eedo. Nitaanza na daktari, kabla hajazunguka wodini, na nesi akiwa hapo hapo, niseme ni mimi niliyemchokoza na ni mimi niliyedanganya, waandike upya kwenye faili. Wakinifukuza, kibuyu nitamwachia nesi ampelekee. Wasiponifukuza, nitakaa chini karibu na eedo nimwombe msamaha, na akikubali kutikisa, sitaangalia saa.