Mawe Niliyoyasugua

Siku ile ya mawe tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, na jirani yetu mjane tuliyemwita Tantine.

Jana, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kitinda mimba alinisomea kitabu chake cha shule, kuhusu samaki wanaokula mwani kwenye matumbawe ya baharini. Nilikuwa nikisugua ndoo iliyoota ukijani, na harufu yake ikanirudisha ziwani kwetu.

Wakati ule Mama alikuwa amezikwa siku chache tu kabla, na maji tuliyachota wenyewe. Mawe ya ukingoni yalifunikwa na ukijani laini wenye utelezi. Niliogopa wadogo zangu wangeteleza wakazama, kwa hiyo niliyasugua kwa mchanga asubuhi nzima, hadi yakawa meupe.

Tantine akaja kutazama kikapu chake cha kutegea samaki. Kilikuwa kitupu.

“We mutoto! Nani alikutuma kuosha sahani wageni bangali bado kula?”

“Batoto bangeanguka, Tantine.”

Aliyatazama mawe, kisha wadogo zangu. “Samaki njo banakulaka hayo majani. Na mi nakulaka samaki. Sasa leo tutakula nini?”

Halafu akacheka. Alisonga bugali kwa unga wake wa mwisho wa muhogo, akatupakulia sisi kwanza. Yeye alikwangua sufuria.

“Majani itarudi,” alisema. “Mawe haina haraka.”

Tulikimbia vita kabla majani hayajarudi, na Tantine hatukumwona tena. Leo nikisonga bugali, nampakulia jirani kwanza. Sahani ya Tantine bado sijaijaza.